Kwako mdogo wangu uliye Karagita, Naivasha

Mdogo wangu,

Salamu kutoka Kondele, Kisumu. Voisi yako ya dakika nne niliisikiliza nikiwa nimefungua simu ya mteja mezani, nikacheka hadi skrubu ikanipotea. Ulinichambulia siasa zote za wadi yetu kule nyumbani Budalang'i, Busia: nani atawania, nani amehama chama. Nikakuuliza, MCA, yaani mwakilishi wa wadi, wa huko unakolala anaitwa nani? Tiki mbili za buluu, basi.

Una miaka mitatu Naivasha lakini simu yako haijahama nyumbani. Makundi ya WhatsApp ni ya ukoo, ya matanga, ya mliosoma pamoja. Redio ni ile ya kwetu. Nzoia ilipofurika ulituma mchango kabla mimi sijaamka. Maji ya ziwa yalipoingia nyumba za watu Kihoto, hapo jirani yako, uliniuliza mimi wa Kisumu kama ni kweli!

Mama naye ana mkono wake. Kila akipiga: "Umeenda kutafuta, usiguse siasa za watu." Anakumbuka Januari 2008, watu wa upande wetu walivyouawa na kufukuzwa hapo Naivasha. Namwelewa, kwa kweli. Ila maji unanunua kwa mtungi, na bajeti ya kaunti inayoamua bomba lipite wapi inapitishwa Nakuru, si Busia. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe wananchi. Wewe siku ya kikao uko grinihausi unakata waridi, na ilani yake iko kwenye mlango wa ofisi ya wadi, kwa Kiingereza cha mawakili.

Usiniambie vijana hawapendi mambo haya. Juni 2024 vijana walipoueleza Mswada wa Fedha kwa Kiswahili na lugha za nyumbani kule TikTok, ni wewe uliyenipigia saa tano usiku kunifafanulia VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Wewe, ambaye risiti ya M-Pesa huimalizi kuisoma. Tarehe 26 Rais akakataa kutia sahihi. Linganisha na makato ya SHIF, mfuko wa bima ya afya, ile asilimia 2.75: uliyaona kwanza kwenye karatasi ya mshahara, ndipo ukaanza kuuliza ni ya nini.

Mimi pia nilikuwa hivyo. Miaka sita Kisumu, kura yangu Budalang'i, na siku ya uchaguzi nauli ikinishinda sipigi kura. Mwishowe nikaenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge na kitambulisho, nikajaza fomu, nikahamisha kura. Foleni ilikuwa watu wawili, mmoja amekuja kuuliza choo. Tangu hapo mtaro wa Kondele ukiziba, naudhika kama mwenyeji.

Sikuambii uhamishe yako. Uchaguzi mkuu wa 10 Agosti 2027 bado uko mbali kidogo, na ya mama unayajua. Ila Jumapili ukitoka kanisani pita ofisi ya wadi. Itakuwa imefungwa, haidhuru, ilani ziko nje. Piga picha zote, hata zilizochanika, unitumie. Jioni nitakurekodia kwa Kiswahili, nawe uzirushe kwa kundi la wenzako wa ploti.

Ni mimi, kaka yako.