Ukienda kununua dramu za mtumba, beba ufunguo wako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua manake hili jambo limenikaa rohoni tangu Pasaka na nikimwambia mtu hapa mtaani anacheka tu. Mimi ni mpiga dramu hapa Malindi, Jumapili niko kanisani, Jumamosi nikiitwa napiga na bendi kwenye hoteli za upande wa Casuarina wageni wakiwepo, na miaka yote hiyo nimekuwa mtu wa kupiga dramu za wenzangu. Mwaka huu nikasema na mimi niwe na zangu, mpya siziwezi, basi nikaanza kutafuta za mtumba.

Dalali mmoja (simtaji, anajijua) akanipigia kwamba kuna seti ya Pearl Export imetoka kwenye hoteli iliyofungwa, elfu arobaini na tano, vipande vitano na simbali (matoazi) zake, ati Wazungu walizipiga msimu mmoja wakaenda zao. Sasa jina hilo nalijua, Pearl walianza kuuza Export 1982 na wameziuza nyingi dunia nzima, kuikuta moja Malindi si ajabu, nikaingia mzima mzima. Nikazikuta sebuleni zimepangwa, taa imewashwa, zinang'aa, ngozi ya mbele ya besi, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa pedali, ina jina kubwa. Nikauliza ufunguo wa dramu, ule wa kulegeza parafujo za ngozi, uko wapi nifungue nione ndani, akasema umepotea, na mimi wangu nilikuwa nimeuacha kanisani. Nikapiga kidogo, jirani akaja juu kwa kelele, nikalipa kwa simu nikazibeba kwa tuktuk mbili.

Nyumbani ndo nikafungua. Ile ngozi yenye jina ilikuwa ni ngozi tu, na ngozi inaingia kwenye besi yoyote ya kipimo chake, jina la ngozini halithibitishi kitu. Jina la kuangalia ni la kibati kilichoko kwenye mzinga wenyewe, yaani ule mwili wa dramu, mara nyingi pale penye tundu la kupitisha hewa, na yangu haikuwa na kibati hata kimoja, mizinga mitatu ilikuwa ya seti moja na miwili ya seti nyingine, zimevalishwa ile karatasi ya gundi ya kubandika kwenye makabati ya jikoni zifanane rangi! Vyuma vilivyokuwa viking'aa ni rangi ya kupuliza, chini yake kutu imekula mpaka shimo. Na tomu kubwa, ile ya miguu mitatu, ilikaa mahali penye maji, mbao yake imevimba mdomoni na tabaka zimeachana kama chapati.

Kwa asiyejua, huo mdomo ndo roho ya dramu. Mzinga unatengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka, halafu mdomo unachongwa pembe ili ngozi ikalie ukingo mwembamba uliolingana mzunguko mzima. Ukiwa na bonde mahali pamoja basi kaza utakavyokaza, upande huu utaimba na upande ule utalia kama debe. Wazee wetu wa chapuo na vumi wanalijua hili bila kufundishwa, ngoma iliyochongwa vibaya mdomo haiwambiki, uiotee moto usiiotee. Lakini ngoma ile mdomo wake unauona waziwazi, hizi za dukani mdomo umefichwa chini ya ringi ya chuma na ngozi, ndo hapo dalali anapokulia.

Kwa hivyo neno langu kwa vijana wa Pwani ni moja, usinunue dramu za mtumba kama hujafungua ngozi, na ukikatazwa kufungua ondoka hata kama umetoka Lamu kwa boti na basi. Ufunguo ni kile kichuma kidogo chenye tundu la mraba, bei yake si kubwa. Fungua ngozi moja ya kila mzinga, pitisha kidole polepole mdomoni ukizunguka, halafu laza mzinga kifudifudi juu ya meza ya kioo, washa tochi ya simu ndani na uzime taa za chumba. Mwanga ukitoka kwa chini mahali fulani, hapo pana bonde. Pima pia upana kwa futi, besi nyingi ni inchi 22 au 20, tomu 12 na 13, ile kubwa 16, sneya (ile ngoma fupi yenye nyuzi chini) 14, manake kuna dramu za zamani sana kama Premier za Uingereza za vipimo vya kale ambazo ngozi za leo haziziingii sawasawa, utabaki na pambo.

Kuna ndugu yangu wa Lamu alinicheka akasema sisi wa Malindi tunajitia wajuaji. Yeye zake alizitoa Mombasa mpaka Mokowe, zikavuka na boti, kutoka jeti zikapanda punda, na alikuwa mjanja kwamba alizitoa ngozi zote huko huko Mombasa akatia tomu ndogo ndani ya kubwa na kubwa ndani ya besi, mzigo ukawa mmoja, nauli nusu, na kila mdomo ameuona kwa macho yake kabla ya kutoa pesa. Nilikaa kimya.

Simbali nazo ni hadithi yake. Hizi ndo matoazi, Zaburi ya 150 imeyataja, lakini sisi tunaopiga tunasema simbali basi. Watu wanaangalia mizinga na rangi, simbali wanazichukulia kama nyongeza, wakati seti ya mtumba thamani yake nyingi mara nyingi iko hapo hapo, manake mzinga mbovu mdomo wake fundi mzuri anaweza kuuchonga tena lakini simbali ya brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, haigeuki kuwa kitu kingine. Zile nzuri nyingi ni shaba nyekundu na bati, si bati la paa, bati lenyewe, sehemu 80 kwa 20, ndo mchanganyiko wa akina Zildjian, watengenezaji wa simbali walioanzia Istanbul 1623. Za daraja la kati mara nyingi huwa 92 kwa 8, si mbaya, zinalia kali kidogo. Zile zinazokuja bure na seti za bei rahisi nyingi ni brasi, zinalia kama kifuniko cha sufuria kilichoanguka, na yangu ndo zilikuwa hizo. Mji ambao jirani zake wa Lamu wana siwa la shaba, lile baragumu la heshima, tuuziwe vifuniko!

Ukitaka kujua, itundike simbali kwa kidole tunduni, igonge ukingoni taratibu usikilize, sauti inatakiwa iendelee na kufifia yenyewe, ikikatika ghafla au ikiwa na mlio wa kukwaruza tafuta ufa. Ufa unaanzia ukingoni au pale katikati tunduni, na ufa hautulii, kila ukipiga unatembea. Kuna mafundi wanatoboa katundu mwisho wa ufa usiendelee, inasaidia kwa muda, lakini bei ishuke. Na usiogope jina lililofutika, wino unafutika kwa kusafishwa, tafuta chapa iliyogongwa kwenye chuma chenyewe.

Sneya igeuze. Zile nyuzi za chuma za chini mara nyingi ni 20, zikipinda zinakoroma hata usipopiga, na kile kiwiko cha kuzifunga na kuachia kijaribu mara kumi, kikivunjika kupata kingine cha kuenea hapa ni mateso. Pedali ikanyage uisikilize springi. Stendi kaza kila parafujo, zilizokatika meno hazishiki na simbali itashuka katikati ya wimbo, yashanikuta mbele ya bwana harusi.

Halafu bahari. Hapa kwetu upepo wa kaskazi na wa kusi yote inaleta chumvi, seti iliyokaa miaka miwili kwenye baraza la hoteli ya ufukweni imezeeka kuliko iliyokaa kumi Nakuru. Kutu ya juu juu haina neno, chukua foili ya jikoni uilowanishe maji usugue kromu inarudi, parafujo zitie mafuta ya cherehani. Ikishatoboa kromu usijidanganye, utasugua leo na mwezi ujao iko pale pale, ndo maana wanapuliza rangi. Kwaruza kwa ukucha chini ya lagi, vile vyuma vya ubavuni vinavyoshika parafujo, ambako hawakufikisha mkebe wa rangi.

Nilimrudia dalali. Akaniambia, "Kaka, mtumba ni mtumba." Sikatai, mtumba ni mtumba, shati la mtumba likiwa na tundu naliona nalipangia bei, lakini hakuna anayeniuzia shati lililokunjwa akanikataza kulikunjua. Wauzaji wa haki wapo, nilipata sneya ya chuma kwa mzee mmoja kule Barani, alinipa ufunguo mwenyewe kabla sijaomba na akanionyesha palipobonyea, nikalipa bila hata kuvutana sana.

Sa hivi seti yangu ina besi, tomu mbili zinazokubali kuimba na sneya ya mzee. Ile tomu kubwa mke wangu anawekea vitunguu. Natafuta mzinga wa inchi 16 na simbali moja ya maana ya inchi 20, kama kuna msomaji wa Pwani anauza atangaze kwenye gazeti hili, nitakuja mchana, na ufunguo ninao mfukoni.

Mpiga dramu,
Muyeye, Malindi