Koti la theluji halifai kwa meli ya Alaska

Mhariri,

Ukurasa wako wa safari majuzi uliwashauri wazazi wanaoalikwa na watoto wao kuzuru Alaska kwa meli kwamba wanunue "koti zito la theluji". Mimi huuza jaketi za mitumba hapa Kibuye, Kisumu. Makoti hayo yamejaa kwenye kila robota ninalofungua na kwa joto letu hili hayana mnunuzi, kwa hivyo ushauri huo ungenifaa sana. Hata hivyo siwezi kuunyamazia.

Theluji ipi? Meli za huko husafiri kuanzia mwisho wa Aprili hadi Oktoba. Mwezi wa Julai mji wa Juneau huwa na nyuzijoto 18 hivi mchana na 10 usiku, hali ambayo mtu wa Molo ataiona ya kawaida. Kinachosumbua ni mvua na upepo. Ketchikan, ambako meli nyingi hutia nanga, hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya zile za Kisumu. Na meli ikienda kwa kasi ya kilomita 37 kwa saa, hata kama bahari imetulia tuli, upepo utakupiga pale sitahani. Waendesha boda boda wanaonunua kwangu wanalijua jambo hili kuliko mwandishi wako. Anayepanda Kericho alfajiri na abiria mgongoni haulizi unene wa jaketi, anauliza kama inazuia upepo.

Nawe unaweza kuipima hapo hapo kibandani. Geuza jaketi nje ndani, bana kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu. Ukihisi pumzi yako upande wa pili, irudishe. Kisha omba maji kidogo uyamwage begani. Yakijikusanya matone na kuteleza, ni nzuri, yakinywewa, achana nayo. Angalia mishono kwa ndani: iwe imefunikwa utepe, na utepe huo usiwe unabanduka. Ukiona unga mweupe unakubakia mkononi, utando wa kuzuia maji umekufa, na hakuna fundi wa kuufufua. Zipu ivute mara kadhaa. Kofia ya jaketi iwe na kamba ya kukaza.

Ndani ya hiyo vaa nguo nyembamba nyembamba: ya kubana mwilini ya sufu au poliesta, halafu sweta ya flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya mafupi. Pamba iache kwa ajili ya chumbani, kwa maana ikilowa inakaa na maji na kukutia baridi. Jinzi ndiyo mbaya zaidi. Ndani ya meli kuna joto la kukaa na fulana tu, na lile koti kubwa litabaki likila nafasi ya kabati ambalo tayari ni dogo.

Mwanangu anaishi Tacoma, Marekani, na nimesafiri naye kwa meli kutoka Seattle, kwa hivyo sisemi ya kusikia. Siku ya Glacier Bay, ghuba iliyo ndani ya hifadhi ya taifa huko Alaska, ndiyo ya kujipanga. Meli haitii nanga pale. Askari wa hifadhi hupanda na kueleza, nanyi mnasimama sitahani kwa saa kadhaa mkitazama barafuto, mto wa barafu ulioshuka mlimani hadi baharini. Upepo unaotoka kwenye barafu hiyo ndio ulionifanya nivae kila kitu nilichobeba kwa pamoja. Kofia ya kufunika masikio, glavu, soksi za sufu, miwani ya jua, na leso shingoni. Leso hiyo hiyo usiku hufunika macho, kwa sababu mwezi wa Juni giza huchelewa mno.

Viatu: gamuti. Usione haya. Wenyeji wa kusini-mashariki mwa Alaska huvaa buti za mpira kila mahali, kazini na mjini.

Pasi na ile koili ya kuchemshia maji viacheni nyumbani, meli nyingi huvichukua mlangoni kwa kuhofia moto. Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, kwa sababu wapagazi hulichukua bandarini na huenda likakufikia chumbani jioni. Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kwenye soketi za Kimarekani. Kwa usiku wa mlo rasmi, kitenge kilichoshonwa vizuri kinatosha kabisa.

Mwandishi wako hakugusia karatasi, nami naona zina uzito kuliko nguo. Sheria ya Marekani ya 1886 inazilazimu meli za bendera ya kigeni, yaani zilizosajiliwa nje ya Marekani, zinazotoka Seattle na kurudi hapo hapo zipitie bandari ya nchi nyingine, na kwa kawaida huwa Victoria, Kanada. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Kanada, na ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Maseno alikuja kwangu na gazeti lako mkononi akitaka koti lile. Niligoma kumuuzia. Aliondoka na jaketi ya mvua na flisi, na hela ya nauli ikabaki.

Mwandishi wako akitaka kuona ninachosema, Jumapili nipo Kibuye. Ila aje mapema. Saa nne ikipita, kamera, yaani zile nguo bora za robota, zimeshachaguliwa, ni fagia tu, yale mabaki, inayobaki.

Mama Jaketi,
Kibuye, Kisumu