Somo, filimbi hii inakula pumzi

Sligo, Ayalandi

Somo yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, ila baridi imeshaingia na mvua haijui likizo. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikitoka zamu ya usiku, nikacheka peke yangu ndani ya basi mpaka abiria wakageuka. Ati kijana wako tangu asikie ile rekodi niliyokutumia, kila fimbo anayookota ni filimbi! Na wewe ukanimiminia maswali: aanze na nini, anunuliwe ipi, na mimi mwenyewe nimepatwa na nini, mtu mzima na miwani yangu, kuanza kujifunza kupuliza filimbi za Waayalandi. Haya si ya kujibu kwa sauti za dakika moja moja. Kaa kitako.

Kwanza mtoto. Usimnunulie filimbi kubwa. Mpe ile ndogo ya bati, yenye matundu sita, ya sauti ya D. Watoto wengi wa huku wanaanzia hapo, na bei yake haiumizi. Vidole vinakwenda karibu sawasawa na vya filimbi kubwa ya mbao: ukifunga matundu yote sita unapata D, ukiachia moja moja kutoka chini unapanda ngazi. Siku akihamia kwenye kubwa, vidole vitakuwa vimeshajua njia, kitabaki kumsumbua mdomo tu.

Na mdomo, mwenzangu, ndiyo kazi yenyewe. Ile ya bati ukipuliza inalia, utake usitake. Hii kubwa unaishika ubavuni, ina tundu moja la kupulizia, na hakuna kinachokusaidia. Unakumbuka tulivyokuwa tukipuliza chupa tupu za soda pale dukani? Ni mambo hayohayo. Upepo lazima ugonge ukingo wa pili wa tundu. Ukienda juu kidogo unapita bure, ukishuka kidogo unasikia fyuuu la aibu. Mwalimu wangu alininyima filimbi nzima. Alinipa kipande cha kichwa peke yake pamoja na kioo, akasema nitazame midomo yangu hadi nitoe sauti moja iliyonyooka. Kizunguzungu kilinishika nikaona nyota. Kumbe ni kawaida kwa wanaoanza, kwa sababu tunamwaga pumzi nyingi isiyo na kazi. Ukiongeza nguvu unazidi kuharibu. Unachotakiwa ni kubana mwanya wa midomo uwe mdogo, halafu unakaa chini na kupumzika.

D ya chini kabisa ndiyo inayotupima. Vidole sita vyote vimefunga, na kimoja kikivuja hata unywele, sauti inakufa. Watu wa hapa wanaipenda iwe na ukali, ikwaruze kidogo, siyo ile laini ya okestra. Mwalimu akiipiga, meza inatetemeka. Mimi yangu bado inakohoa.

Sasa nije kwenye kitu kilichonikamata, maana hicho ndicho ninachotaka ukielewe. Tuni za huku, hasa zile za kasi wanazoziita rili, hazina mahali pa kupumua. Kwa kawaida zina vipande viwili, kila kipande kinapigwa mara mbili, halafu unaanza tena bila kusimama. Noti zinafuatana tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna pengo. Mpiga fidla hajali. Mwenye ile zumari ya kiwiko, uilleann, naye hajali, maana mfuko wake unajazwa na mvukuto ulio chini ya mkono. Mpiga filimbi afanyeje? Anaua noti. Anachagua moja, anaitupa, na pale ilipokuwa anavuta pumzi.

Nilidhani nitapumua mwisho wa kipande, kama tunavyopumua mwisho wa ubeti. Mwalimu akakataa katakata. Alisema ukipumua palepale kila mara tuni inakatika vipandevipande, na wachezaji ngoma watakuona huna maana. Pumua katikati, mara hii hapa, mara ijayo pale, na noti unayoiua isiwe ile inayobeba pigo. Basi nikawa na karatasi yangu ya tuni moja, nimeichora alama za penseli kote: hapa naweza kuua noti, hapa siwezi, hapa nikijaribu naangusha wimbo mzima. Yaani, somo, mtu mwingine akijifunza chombo anahangaika kuongeza noti, mimi nahangaika niache ipi.

Ukitaka kusikia ilivyo ikifanywa na mtu anayejua, mtafutie kijana rekodi za John McKenna. Alizaliwa 1880 huko Leitrim, jirani tu na hapa, akahamia New York, akawa mtu wa zimamoto, na miaka ya 1920 akawa anarekodi sahani za santuri. Zina mikwaruzo, lakini pumzi yake unaisikia waziwazi, anaisukuma ndani ya tuni kiasi kwamba pumzi yenyewe inakuwa ngoma. Halafu msikilizeni Matt Molloy, wa Roscommon, yule aliyejiunga na The Chieftains, bendi ya muziki wa asili wa huku, mwaka 1979. Yeye ni maji yanatiririka, hujui anapumua saa ngapi. Mimi namheshimu Molloy lakini moyo wangu uko kwa McKenna.

Kingine cha ajabu: ulimi hautumiki sana. Mpiga filimbi wa okestra hutenganisha noti kwa ulimi. Hawa wanatenganisha kwa vidole. Chukua noti ya G: vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimefunga, vya kulia viko hewani. Ukitaka G mbili mfululizo, unainua kidole cha kushoto na kukirudisha upesi mno, noti inakatwa. Halafu kidole cha shahada cha kulia kinapiga tundu lake na kuruka, kana kwamba limemchoma. Mkato na pigo, ukiviweka pamoja ndani ya noti moja ndefu, unapata wanachokiita roli. Kwa mwalimu ni kufumba na kufumbua. Kwangu ni vidole kugombana. Nafanya polepole mno, huku nikihesabu, ndani ya gari. Ndiyo, gari! Ukuta wa nyumba yangu ni mwembamba na jirani ana mtoto mchanga, kwa hiyo naendesha mpaka ufukweni Strandhill, nahamia kiti cha nyuma (mbele usukani unazuia, filimbi haienei), nafunga vioo, napuliza. Watu wanaotembeza mbwa wameshanizoea.

Kuhusu noti za kuandikwa: mwalimu hazikatazi, ila hazipendi. Anapiga kipande kidogo, nakirudia, anaongeza kingine. Nyumbani narudia kwa rekodi ya simu. Mwanzoni nilijiona mjinga, halafu nikakumbuka kwamba hata kaswida zile za maulidi hakuna aliyetuandikia, tulizishika kwa masikio tukiwa tumekaa mkekani, na mpaka leo hazijatoka. Kijana wako naye afunzwe hivyo. Aimbe tuni kwa mdomo kwanza. Asichoweza kukiimba hataweza kukipuliza.

Jumatano jioni naenda kwenye baa. Usishtuke! Huku muziki huu unapigwa baa, watu wanakaa duara kwenye kona, hawana jukwaa wala kipaza sauti, na mimi nina birika langu la chai na hakuna anayeniuliza. Wanapiga tuni mbili tatu zilizoungana, wanasimama, wanapiga soga, wanaanza tena. Adabu yake ni kali ingawa haijaandikwa popote: usiyoijua usiipige. Usitafute noti kwa kubahatisha wakati wenzako wako kazini. Kaa, sikiliza, weka filimbi mapajani. Nakaa hivyo karibu usiku mzima. Halafu mzee mmoja wa akodioni ananigeukia na kusema, haya, anza wewe. Nazijua chache tu, naanza, polepole, na wote wanashuka hadi kwenye mwendo wangu. Hakuna anayenikimbia. Jasho linanitoka na nje kuna nyuzi tatu za joto.

Sasa nikupe la nyumbani. Filimbi hii asili yake ni mtumba. Karne ya 19 ilikuwa chombo cha waungwana wa London na kwingineko Ulaya, filimbi za mbao zenye vifungo vya metali vya kuzibia matundu. Akaja Mjerumani Theobald Boehm, mwaka 1847, na filimbi yake ya muundo mpya ambayo baadaye ndiyo ikatawala okestra. Za mbao zikashuka thamani, zikauzwa kwa bei ya kutupa, zikaishia mikononi mwa wakulima wa Sligo, Roscommon na Leitrim. Nao wakazifanya zao. Kwa hiyo mtu akikucheka kwa mtumba, mpe habari hiyo.

Siku moja mwalimu alinikabidhi filimbi yake niishike. Nyeusi, nzito kuliko inavyoonekana, inanukia mafuta ya lozi anayoipaka kwa ndani. Nikaigeuza kwenye mwanga, nikamwambia, huu ni mpingo. Akasema ndiyo, wenyewe wanauita mti mweusi wa Afrika. Nikamwambia mzee wangu, huu unatoka kwetu. Somo, alikaa chini! Miaka yote hiyo anapuliza mti wa Kilwa na hajawahi kukutana na mtu anayeujua ukiwa na majani. Mafundi wengi wa filimbi hizi wanautaka kuliko mti mwingine, maana ni mzito hadi unazama majini, una mafuta yake mwenyewe, na ukichongwa ukingo wa tundu unabaki mkali. Nikamweleza kwamba ni mti wa taifa letu Tanzania, kwamba huchukua miongo mingi kufikia kuvunwa, kwamba Wamakonde wanauchonga vinyago, na kwamba huko Kikole, kwa wajomba zako, wanakijiji wana msitu wao uliopata mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha misitu inayovunwa kwa utunzaji. Yeye akanieleza jinsi mwaka 2017 ulivyoingizwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mafundi wakahangaika na vibali kila walipouza nje, mpaka 2019 vyombo vilivyokwisha kutengenezwa vikaachiwa.

Bei sikuipenda. Filimbi nzuri ya mpingo, hata isiyo na vifungo, inaweza kupita yuro elfu moja. Nilikumbuka tulivyokuwa tukiona magogo yake yakiishia kwenye tanuri la mkaa. Mimi ninayo ya plastiki ngumu, nyeusi pia, haipasuki kwa baridi, naiosha bombani. Kwa anayeanza ndiyo sahihi, na kwa kijana wako vilevile siku ikifika. Ya mbao ikiwa mpya ina masharti: unaipuliza dakika chache tu kwa siku wiki za kwanza, unaifuta ndani kila ukimaliza, unaipaka mafuta, huiachi karibu na hita. Ni mgonjwa mwingine, nami wagonjwa ninao wa kutosha wodini.

Haya basi. Nikija Desemba namletea ya bati, na nitakaa naye barazani tuanze pamoja, mwambie akate kucha. Wewe nami nina ombi: ukienda Kikole, mwambie mjomba akusimamishe kando ya mpingo uliokomaa, nipigie picha, mti wote, na majani, na gome kwa karibu. Mwalimu ameniulizia tena juzi. Na umpige marufuku mtoto kupuliza kila kijiti, maana mingine ina utomvu mbaya.

Nisalimie shangazi, na Mama Mdogo mwambie zile dawa asiziruke.

Mimi somo yako