Salamu za shukrani, na deni moja la Baba

Familia ya marehemu baba yetu, mwalimu mstaafu wa sanaa, ya Tabata na Masasi, inawashukuru wote mlioshirikiana nasi kwa hali na mali tangu alipougua hadi tulipompumzisha nyumbani Masasi.

Shukrani ziwafikie madaktari na wauguzi, mapadri na wanakwaya, majirani waliokesha nasi, na kina mama waliopika siku nne bila kuuliza unga umetoka wapi. Wanafunzi wake wa zamani, ambao baadhi yao sasa wana mvi kumshinda yeye, ndio waliobeba jeneza. Mungu awabariki.

Watu wa Nangurukuru wana shukrani yao ya pekee. Basi lilitufia pale usiku wa manane, tumeshavuka Daraja la Mkapa. Walitutolea mikeka na uji, na fundi mmoja akalala chini ya gari mpaka alfajiri. Tulipotaka kumlipa alikataa, akasema msafara wa msiba haulipishwi. Basi lenyewe tulikodishwa kama zima. Hilo tumemwachia Mungu na mwenye basi.

Wengi mliuliza kuhusu kile kibao kilichowekwa juu ya jeneza, kando ya picha yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Baba alikuwa mwanafunzi wa sanaa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jumamosi alikuwa akipanda UDA, basi la mjini, kwenda Morogoro Stores, Oysterbay, kushinda na wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alishafariki mwaka 1972, lakini wanafunzi na jamaa zake walikuwa wakiendelea palepale, kwa rangi zilezile za kupaka baiskeli, juu ya hadibodi. Chuoni Baba alikuwa anafundishwa vivuli na umbali. Kule aliwakuta watu wanaochora mnyama asiye na kivuli wala umbali, na mnyama anakukodolea macho.

Wengi wao walikuwa Wamakua wa kusini kama yeye, basi hakukaa kigeni. Mzee mmoja asiye na maneno mengi alikuwa akimwita mpwa, na Baba akimwita mjomba. Jina hakuuliza; mkubwa huulizwi jina hivihivi. Jumamosi moja Baba anaaga, mzee akafunga kitu kwenye gazeti, akamtia kwapani. "Chukua, mpwa." Basi.

Rangi ilikuwa haijakauka, na UDA siku hiyo ilijaa kama kawaida yake. Alipofika bwenini gazeti lilikuwa limegandia kwenye kona. Kulibandua, likaondoka na sahihi ya mchoraji, likaacha herufi zilizogeuka. Tukiwa watoto tulikuwa tunazisoma kwa kioo cha Mama: PAMBA. Picha ni ya kanga (ndege, si nguo, ingawa wazee husema nguo ilipata jina kwa madoa ya huyo ndege). Kibao hakizidi kiganja na nusu, lakini madoa yamedonolewa moja moja kwa ncha ya kijiti, na moja limeteleza likaingia jichoni. Baba hakuruhusu mtu alisafishe.

Wiki iliyofuata alirudi na kilo mbili za sukari, alizozipata kwa kupanga foleni. Akaambiwa mzee amekwenda kwao kusini. Alirudi mara kadhaa, hakumkuta. Masomo yakaisha, akapangiwa kazi mkoani. Sukari ikanywewa chai na wenzake wa bwenini, na miaka yote hiyo, kila bakuli la sukari likipita mezani, alikuwa akisema, "Hii ni ya mjomba."

Kibao kimekaa juu ya redio katika kila nyumba tuliyohamia. Siku za mwisho, sauti ikiwa imeshapungua, alituambia: "Mkitoa shukrani zangu, msimsahau mzee wa kanga."

Kwa hiyo tunaitoa hapa. Kama baba yenu au babu yenu alikuwa akichora Morogoro Stores miaka hiyo, Mmakua, mkimya, na siku moja akampa kijana wa Mlimani kanga mwenye doa jichoni, pokeeni shukrani za mpwa wake.

Ibada ya arobaini itafanyika Masasi. Tarehe tutaitangaza kwa jamaa na marafiki mapema. Nanyi mtakaomtambua mzee huyo, njooni Tabata. Kilo mbili za sukari zenu zipo kabatini.