Hamisi, usikope kwenye simu

Mwanangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Barua hii nimeichomeka katikati ya shuka zako kwa sababu nikikutumia ujumbe wa sauti unausikiliza nusu, halafu unajibu "poa mama". Hii isome yote. Mpaka Dodoma una saa tatu na kitu ndani ya treni, huna pa kukimbilia.

Juzi usiku simu yangu iliingia ujumbe wa namba nisiyoijua. Fulani anadaiwa, eti mimi ni mtu wake wa karibu, nimwambie alipe kabla ya saa sita mchana, la sivyo picha yake na namba ya kitambulisho chake vitasambazwa. Huyo fulani ni kijana wa nyumba ya pili, simtaji, unamjua. Mimi si mama yake wala si shangazi yake. Namba yangu anayo kwa sababu huwa anapiga nimwekee mchicha. Kumbe programu hizo za mikopo ukishaziruhusu tu zinazoa majina yote yaliyomo kwenye simu. Mama yake aliupata ujumbe huohuo. Shehe wa msikitini aliupata. Na yule binti aliyetaka kumposa naye akaupata.

Sasa sikia hesabu yake. Alikopa 60,000. Zikamwingia 42,000, zile 18,000 wamezikata mapema, wenyewe wanaita gharama za huduma. Siku ya saba arudishe 60,000 kamili. Kwenye kikoba chetu cha kuweka na kukopa, ukikopa 60,000 unaondoka na 60,000 mkononi, riba asilimia 5 kwa mwezi, yaani 3,000, na hiyo 3,000 mwisho wa mwaka tunagawana wenyewe. Yeye 18,000 kwa wiki moja! Ikamshinda, akakopa programu ya pili alipe ya kwanza. Alipofika ya nne akazima simu, akaenda kwa bibi yake Rufiji, na mpaka leo yuko huko.

Novemba 2024 Benki Kuu walitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha watu bila leseni. Nilimkalisha mdogo wako Zawadi anisomee majina yote. Majina matamu, utafikiri pipi. Najua na wewe utaniambia zimeshafungiwa. Ya kijana wa jirani imetoka wapi basi?

Usikope kwenye simu, Hamisi.

Sisemi hivi kwa kuwa sikuamini. Nikipita Tandika sokoni wananiita Mama Chuo, na mimi hujifanya sijasikia ili waite mara ya pili. Lakini mtu ambaye boom, hela yenu ya mkopo wa chuo, limetoka, akamletea mdogo wake keki ya bethidei ya 45,000 wakati luku ya umeme inasoma uniti mbili, huyo lazima mama yake amwandikie. Keki ilikuwa nzuri, sikatai, nimekula vipande viwili. Halafu usiku nikahesabu: kwa ile 10,000 mnayopewa kwa siku, keki ile ni siku nne na nusu za chakula chako. Ndiyo maana mwezi uliofuata ulinipigia unaumwa kichwa. Hukuwa unaumwa kichwa. Ulikuwa na njaa.

Na boom si zawadi. Mjomba wako Saidi analipa la kwake mpaka leo, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kabla hajaigusa. Nyinyi mna afadhali, ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo Rais Samia aliifuta 2021. (Saidi hana jema la serikali analolisema, lakini hilo analisema.) Kwa hiyo unapobonyeza kukopa 20,000 ya mtandaoni ujue unaingia deni la pili, la kwanza hujaanza hata kulilipa.

Boom likitoka usiliache likae kwenye simu. Hela ya kwenye simu haina uzito, kidole tu. Siku hiyohiyo toa ya chakula, nunua mchele, maharage na mafuta ya kukutosha mpaka boom lijalo, hivyo viatu vitasubiri. Hao wenzako wanaobadilisha raba kila mwezi wana baba zao. Na kila mwezi nitumie 8,000, nikununulie hisa moja kila Ijumaa, hisa yetu ni 2,000. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu, hata mwenyekiti akishikwa na shida zake za usiku hawezi kulifungua peke yake. Simu yako ina kufuli moja, na ufunguo ni kidole chako mwenyewe.

Habari za genge sikukumbushi, umekulia hapo. Mikeka ya kubeti nayo sisemi, ulisema umeacha, nimekubali.

Ila kuna jambo hujawahi kuuliza na mimi sijawahi kulisema. Ile TV, ulipokuwa darasa la sita, haikwenda kwa fundi. Na yule mama wa daftari aliyekuwa anapita kila asubuhi hakuwa mteja wa nyanya. Mengine malizia mwenyewe. Kausha damu, yule mkopeshaji wa mtaani, angalau anakuja mlangoni, unamwona, unaweza ukazima taa ukanyamaza na watoto wako mpaka aondoke. Hawa wa simu utawazimia taa gani?

Kama tayari umekopa, niambie leo ukiwa bado njiani. Sitapiga kelele. Nitapiga kidogo. Kwenye simu yako wataanza na aliyeandikwa "Mama", na mimi sitaki kulisikia kwao, nataka kulisikia kwako. Tutakaa tuone la kufanya. Pesa ya kikoba naweza kuikopa, ya genge ipo kidogo. Usiende Rufiji.

Huku mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, nimemwambia mitatu, amenuna, ataizoea. Bibi miguu inavimba akikaa sana, nimemtafutia kigoda cha kuiwekea. Bati la jikoni linavuja palepale. Fundi alikuja, akaangalia juu, akaomba nauli ya kurudi na vifaa, sijamwona tena, na Zawadi ananicheka kwamba nami nimekopesha. Ana mchango wa mtihani wa majaribio, huo nimeshaulipa, usitume kitu.

Dagaa nimefunga mafungu mawili. Lenye kamba nyekundu ni la shangazi yako wa Nkuhungu. Mpelekee wiki hii, usije ukaniambia umesahau kama ile samli. Nauli ya kwenda kwake ni hiyo 3,000 niliyoikunja kwenye soksi nyeusi, ni ya daladala, si ya vocha.

Ukifika piga, usibipu. Na kitasa cha mlango wa nyuma kimekufa tena, kwa hiyo ukija likizo ukakuta usiku, gonga dirisha la Zawadi.

Mama yako