Tumtaje pia mtunzi wa wimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wapenzi wa muziki kwamba sauti wanayoishangilia mara nyingi hubeba kazi ya mtu wasiyemjua hata kwa sura.

Mfano ninaoupenda ni mtunzi na mtayarishaji wa nyimbo, Msweden Karl Martin Sandberg, aitwaye Max Martin, ambaye mwenyewe amekiri kwamba msingi wake ni elimu ya muziki ya shule za umma. Alianza kama mwimbaji wa bendi ya roki, kisha akachukuliwa na mtayarishaji Denniz PoP katika studio ya Cheiron, Stockholm, akafundishwa kazi. Mlezi wake huyo alifariki mwaka 1998, mwaka uleule ulipotoka wimbo alioutunga Max Martin uliomtambulisha mwimbaji Britney Spears duniani, ambao kundi la TLC lilikuwa limeukataa. Baadaye walifuata Katy Perry, Taylor Swift na The Weeknd.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba hupima silabi za kila mstari zilingane na mahadhi, hata sarufi ya Kiingereza ikiumia kidogo. Malenga wetu, wanaokesha wakihesabu mizani, wangemwelewa mara moja, ingawa kwa hiyo sarufi nadhani wangemkaripia.

Ombi langu ni kwa watangazaji wa redio: mkimaliza kutaja mwimbaji, mtajeni pia aliyetunga na aliyetayarisha, uwe wimbo wa Stockholm au wa Sinza.

Msomaji wenu,
Morogoro