Barua ya wazi kwa vijana wenye biashara: ubao wenu umejaa HARAKA

Wanangu,

Wiki iliyopita nilipita kwenye karakana ya mmoja wenu, nikatoka na uchungu. Sakafuni meza 12, zote zimeanzwa. Moja haina miguu, nyingine imepigwa msasa upande mmoja, nyingine inasubiri vanishi. Iliyokamilika? Hakuna. Ukutani kuna ubao wa kazi, na mbele ya kila kazi neno HARAKA kwa wino mwekundu. Nikiwa pale akaingia mteja aliyetanguliza malipo miezi miwili nyuma. Akaitazama meza yake, akadai fedha zake. Kijana wetu yuko kwenye simu, anapokea oda ya 13!

Ukiandika HARAKA kila mahali, hujapanga kitu. Kupanga ni kusema ipi isubiri, na kuzibeba lawama za mwenye nayo. Hapo ndipo mnapokimbia.

Pigeni hesabu. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni nyepesi: gawa kazi ulizonazo mkononi kwa zile unazokamilisha kila wiki, utapata muda ambao kazi hukaa kwako kwa wastani. Meza 12, unamaliza 2 kwa wiki: wiki 6. Nawe umemwahidi mtu wiki moja! Kuanza nyingine ni kurefusha foleni tu. Shikeni kazi tatu. Ya nne isiguswe mpaka moja itoke mlangoni.

Tena, msichanganye la dharura na la muhimu. Eisenhower, akiwa rais wa Marekani, aliyatenganisha hayo katika hotuba ya 1954, akimnukuu mkuu mmoja wa chuo. Simu inayolia ni dharura. Kuihudumia mashine kabla haijafa ni muhimu, ila mashine haipigi kelele, basi mnaiacha.

Mengine mnayajua: mishahara na kodi zina tarehe zake, kila kazi iwe na mtu mmoja wa kuisimamia, inayowakwamisha wenzenu itangulie.

Nasi wazee tuna kosa. Tuliwaona mkihangaika huku na huko, tukawasifu kuwa wachapakazi, wala hatukuuliza mmemaliza nini. Mtusamehe kwa hilo.

Jumatatu, kabla ya kushika simu, futeni ubao. Andikeni kazi tatu. Kisha mpigieni mwenye kazi ya nne, mumpe tarehe ya kweli. Atakasirika. Mwacheni aseme, na tarehe msiibadilishe.